Kamera ya bei nafuu ya wanyamapori yatiwa mizanini Arabuko-Sokoke

Na MWANDISHI WETU

KUKU wa mjomba wangu walianza kutoweka mwezi Agosti. Alitangulia tembe mmoja mweupe, akafuata koo aliyekuwa akilea vifaranga, kisha wakaenda wawili kwa usiku mmoja pasi na kelele yoyote kusikika.

Boma lake limo katika kijiji kimoja karibu na Gede, Kaunti ya Kilifi, mahali ambapo mihindi na mikorosho hukoma na msitu wa Arabuko-Sokoke ukaanza. Kati ya banda la kuku na vichaka vya kwanza vya msitu huo pana hatua zisizozidi 60, na kijia chembamba kinachopita chini ya mkwaju.

Majirani walikuwa na majibu tele. Mmoja alisema ni chui. Mwingine aliapa kuwa ni fungo kwa sababu alikuwa ameinusa harufu yake alfajiri. Wa tatu alimshuku paka wa mwituni. Mjomba mwenyewe hakujali sana jina la mwizi. Alikuwa amekwisha kununua waya wa breki za baiskeli ili atege matanzi kwenye kijia hicho usiku huo huo.

Hapo ndipo nilipomsihi anipe wiki tatu.

Tanzi la waya halichagui. Humnasa mwizi wa kuku na humnasa pia yule ambaye hajawahi kula hata yai. Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takribani kilomita 420 mraba, ni miongoni mwa masalia makubwa ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki. Humo anaishi paa-nunga, mnyama mdogo wa jamii ya paa ambaye amebaki katika sehemu chache tu za pwani ya Kenya na Zanzibar. Humo pia anaishi sange mwenye sehemu ya nyuma ya rangi ya dhahabu, ambaye hapatikani kwingineko duniani ila pwani ya Kenya. Wote wawili hutembea chini kabisa, kwenye vijia kama kile cha mjomba. Isitoshe, kutega wanyamapori kwa waya ni hatia chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013.

Kilichokuwa mkobani mwangu ni kamera ya kutega, kisanduku cha plastiki chenye rangi ya majani makavu, kinachoshikika kwa mkono mmoja. Niliinunua kwa Sh7,500 kutoka kwa mfanyabiashara wa mtandaoni. Zile zinazotumiwa na watafiti hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi kila moja, na mtafiti huhitaji nyingi. Swali langu lilikuwa iwapo hii ya mlalahoi ingeweza kumjibu mjomba kabla subira yake haijaisha.

Jicho linalohisi joto

Kamera ya aina hii haimwoni mnyama jinsi sisi tunavyomwona. Mbele yake pana kihisi kidogo kinachopokea miale ya joto, miale ambayo macho ya binadamu hayawezi kuitambua. Juu ya kihisi huwekwa kioo cha plastiki chenye mistari ambacho huigawa sehemu ya mbele kuwa kanda kadhaa, mfano wa vidole vilivyotanuliwa. Kiumbe chenye joto tofauti na la mazingira yake kikivuka kutoka ukanda mmoja hadi mwingine, kihisi hushtuka, kamera huamka na picha hupigwa.

Kiumbe hicho kikitulia tuli, au joto la ngozi yake likikaribiana na la mchanga ulio nyuma yake, kamera huendelea kulala. Kinyume chake pia ni kweli. Jani la mgomba lililochomwa na jua likipeperushwa na upepo, kihisi hudhani ni mnyama.

Wazo lenyewe ni la kale. Mwishoni mwa karne ya 19, Mmarekani George Shiras alikuwa akitega nyuzi katika misitu ya Michigan ili paa akiigusa, kamera ifyatuke na unga wa kumulika ulipuke. Mwaka 1906 jarida la National Geographic lilichapisha picha zake 74 katika toleo moja.

Katika kanda yetu, kamera za kutega zimefanya makubwa zaidi ya kuwapendezesha wasomaji. Mwaka 2005, kamera zilizotegwa katika msitu wa Ndundulu kwenye milima ya Udzungwa, Tanzania, zilinasa sange mwenye uso wa kijivu ambaye hakufanana na yeyote aliyejulikana. Mwaka 2008 wanasayansi walimtangaza rasmi kuwa spishi mpya. Katika misitu ya Boni na Dodori, Kaunti ya Lamu, kamera za namna hii ndizo zilizoonyesha kuwa paa-nunga walikuwa wengi kuliko ilivyodhaniwa.

(Sange, kwa wasiomfahamu, ana pua ndefu kama kijimkonga na miguu myembamba ya paa. Wengi humwita panya. Wataalamu wa vinasaba wanasema undugu wake na tembo ni wa karibu kuliko undugu wake na panya yeyote.)

Majaribio uani

Kabla ya kuusogelea msitu, niliijaribu kamera uani. Kwenye sanduku lake paliandikwa mambo matatu kwa herufi kubwa: kwamba hufyatuka kwa thuluthi ya sekunde, kwamba huhisi hadi mita 20, na kwamba picha zake ni za megapikseli 24.

Kasi ya kufyatuka ndiyo muhimu kuliko yote, nayo hupimika bila mtambo wowote. Nilichomeka vijiti katika mstari mmoja, mita nne mbele ya kamera, kila kijiti nusu mita kutoka kwa mwenzake. Kamera nyingi zina hali ya majaribio ambapo taa ndogo nyekundu humetameta kila kihisi kinaposhtuka, pasi na picha kupigwa. Kwa taa hiyo nilijua kihisi hushtuka mtu akifika kijiti kipi. Kisha nikairejesha kamera katika hali ya kupiga picha na kumwomba binamu yangu wa umri wa miaka 11 apite kwa mwendo wake wa kawaida. Nilikuwa nimempima kwa saa ya simu: mita 10 kwa sekunde nane.

Kila mara picha ilimpata akiwa amekwisha kukipita kijiti cha kihisi kwa vijiti viwili, na mara mbili alikuwa amepita vitatu. Vijiti viwili ni mita moja, na mita moja kwa mwendo ule ni sekunde 0.8. Sanduku lilisema 0.3.

Nusu sekunde yaweza kuonekana kitu kidogo kwa mtu anayempiga picha ng'ombe. Kwa mnyama wa msituni ni jambo jingine. Sange akivuka kwa kasi ya mita tano tu kwa sekunde, muda huo wa sekunde 0.8 unamtosha kwenda mita nne, nayo picha yenyewe kwa umbali ule haina upana unaofika mita nne. Kamera itashtuka, itaamka, itapiga, na itakuletea majani.

Umbali nao ulibadilika kulingana na saa. Saa kumi na mbili asubuhi, kungali na ubaridi, kihisi kilimtambua binamu yangu akiwa mita 12 mbali. Saa saba mchana, mchanga ukichoma nyayo, kilimtambua akiwa ndani ya mita sita tu. Hilo si kosa la kamera hii pekee, maana kihisi chochote cha joto hupata taabu pale ambapo ardhi na mwili vina joto linalokaribiana. Lakini mita 20 sikuziona saa yoyote.

Kuhusu megapikseli, nilibandika ukurasa wa gazeti kwenye shina la mnazi, mita tatu kutoka kwa kamera. Kwa megapikseli 24, kichwa kikuu cha habari kilisomeka ila habari yenyewe haikusomeka. Nilishusha hadi megapikseli tano nikapiga tena. Kichwa kilisomeka, habari haikusomeka. Sababu ni kuwa kipokea-mwanga kilichomo ndani kina nukta chache kuliko zinazotangazwa, na programu ya kamera huongeza nyingine kwa kukisia. Ni sawa na kuongeza maji kwenye mchuzi, sufuria hujaa lakini nyama haizidi. Tangu siku hiyo nimeiacha kwenye tano, nayo kadi ya kumbukumbu haijai upesi.

Usiku ulipoingia niliona kasoro nyingine. Kamera hummulika mnyama kwa taa za infraredi. Zipo zenye urefu wa mawimbi wa nanomita 850, ambazo humulika mbali lakini huonekana kama makaa mekundu hafifu mtu akizitazama, na zipo za nanomita 940 ambazo hazionekani ila mwanga wake ni dhaifu. Yangu ni ya aina ya kwanza. Nilisimama gizani mita 10 mbali nikayaona makaa hayo waziwazi. Mnyama atayaona, na mtu pia.

Mkia saa nane usiku

Wiki ya kwanza niliharibu mambo kwa mikono yangu mwenyewe. Niliifunga kamera kwenye mkwaju kwa kimo cha kiuno, kwa kuwa hapo ndipo mikono hufika bila taabu, nikaielekeza moja kwa moja kuvuka kijia, upande wa mashariki.

Baada ya siku sita kadi ilikuwa na picha 1,112. Nilizitazama zote kwenye tarakilishi, na katika picha 1,090 hapakuwa na chochote isipokuwa nyasi, majani na jua la asubuhi likiipiga lenzi usoni. Zilizobaki zilikuwa za mbwa wa jirani, kima wawili, kichwa cha mjomba, na picha moja ya saa nane na dakika 14 usiku iliyozua kizaazaa kijijini.

Ilikuwa picha ya mkia. Mwenye mkia alikuwa ametoka upande wa kulia, akabakiza mkia mrefu wenye mizunguko meusi na meupe.

"Mwaona?" alisema jirani wa chui. "Madoadoa hayo."

Hayakuwa madoadoa, ilikuwa mizunguko, lakini picha haikuwa na kitu chochote cha kuonyesha ukubwa. Mkia uliojaa robo ya picha waweza kuwa wa mnyama mdogo aliye karibu au wa mkubwa aliye mbali. Neno "chui" lilipotamkwa mara ya pili, wanawake wawili waliwaita watoto wao waingie ndani. Jioni hiyo mjomba aliutoa waya wake kutoka darini akauweka mlangoni, nami sikuwa na la kumjibu ila kwamba siku zangu hazijaisha.

Ndipo nilipoketi na kufikiri upya. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname, nami sikuwa nimeinama. Niliishusha kamera hadi sentimita 25 kutoka ardhini, kimo kinachofaa wanyama wadogo. Niliigeuza itazame kusini. Katika eneo letu lililo karibu na ikweta jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi karibu mwaka mzima, kwa hivyo kamera inayotazama kaskazini au kusini huepuka kupigwa na jua lenzini. Nilifyeka nyasi kwa umbali wa mita tano na kulikata tawi lililokuwa likipungia kihisi mkono.

Pembe ndiyo iliyonichukua muda mrefu zaidi. Kihisi hupenda mnyama anayekatiza mbele yake kwa sababu huvuka kanda nyingi kwa haraka. Lakini kamera iliyo nzito kuamka humhitaji mnyama abaki mbele yake kwa sekunde moja au mbili, jambo ambalo hutokea tu anapoifuata njia kuja au kwenda. Mambo haya mawili yanapingana. Mnyama anayekuja moja kwa moja huenda asikishtue kihisi mpaka afike karibu sana, naye anayekatiza huwa amekwenda zake. Suluhu niliyoipata ni katikati: kamera iitazame njia kwa mshazari, kiasi kwamba mnyama huingia kwa upande mmoja na kuendelea kutembea ndani ya picha mpaka atokee upande wa pili. Pia niliiamuru ipige picha tatu mfululizo kila inaposhtuka. Ya kwanza ikimkosa, ya pili yaweza kumpata.

Mwisho nilichomeka kando ya kijia fimbo niliyoichora mstari kila sentimita 10. Fimbo hiyo haikunigharimu hata ndururu, nayo ndiyo iliyomaliza ubishi.

Wiki ya pili kadi ilirudi na picha 147. Safari hii 40 kati yake zilikuwa na viumbe: nguchiro waliopita kwa msafara saa nne asubuhi, nungunungu aliyesimama akauangalia mwanga mwekundu kama anayeusoma, kima, kanga, na wale mbwa wa jirani. Saa saba na dakika 50 usiku wa nne alitokea mwenye mkia. Katika picha ya kwanza ni pua tu. Katika ya pili yumo mzima, kando ya fimbo: mwili mrefu uliojaa madoa, miguu mifupi, masikio yaliyosimama, na mabega yasiyofika mstari wa tatu.

Alikuwa kanu. Chui mzima hata tumbo lake lisingepita chini ya mstari huo. Jirani aliitazama picha, akaitazama fimbo, akasema kuwa hata chui huzaliwa mdogo, lakini hakuna aliyewaita watoto tena.

Betri za kioski

Nisingekuwa mkweli nikiuacha usiku wa tano na wa sita. Kamera hutumia betri nane ndogo. Za kwanza zilipochoka nilinunua nyingine kwenye kioski cha karibu, zile za bei ya chini kabisa. Mchana kamera iliendelea kupiga vizuri. Usiku picha zilikuwa nyeusi tititi. Taa za infraredi hula umeme mwingi kwa mkupuo mmoja, na betri hafifu haiwezi kuutoa ingawa bado ina nguvu ya kuendesha shughuli za mchana. Katika mojawapo ya usiku huo alitoweka jogoo, nami sina picha.

Nilinunua betri za alkali zilizo ghali zaidi, na zimedumu kwa siku zote zilizobaki. Hivyo basi anayepiga hesabu ya gharama asiishie kwenye Sh7,500. Aongeze betri, kadi ya kumbukumbu iliyonunuliwa kwa muuzaji anayeaminika kwani bandia ni nyingi, mnyororo na kufuli, na pakiti ndogo za chembechembe za kunyonya unyevu, zile zinazopatikana ndani ya maboksi ya viatu. Mpira unaozuia maji kwenye mlango wa kamera yangu ni mwembamba, na asubuhi moja nilikuta ukungu ndani ya lenzi. Siku nyingine sisimizi walikuwa wamehamia kwenye sehemu ya betri pamoja na mayai yao.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulitambua kwa wakati. Betri zilipotolewa, saa ya kamera ilirudi nyuma hadi Januari 1, nami sikuirekebisha.

Miguu

Wiki ya tatu niliihamisha kamera kutoka kijiani hadi bandani, ikitazama ukuta wa mabati kwa mshazari, kwa kimo kile kile cha chini. Huko kanu alijishtaki mwenyewe. Alipita mara tatu, na mara ya tatu alionekana akijipenyeza chini ya bati lililoinuka, mahali ambapo mchanga ulikuwa umechimbika. Picha zilizofuata zilimwonyesha akitoka na kifaranga mdomoni.

Mjomba alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi. Nilikuwa nikiendelea kuzipitisha picha kwenye tarakilishi, yeye akiwa begani mwangu, tulipofika kwenye picha ya miguu.

Ilikuwa miguu ya binadamu, kuanzia magotini hadi chini, kwa kuwa kamera iliyo sentimita 25 kutoka ardhini haiwezi kuona zaidi. Ilivaa ndara, kamba ya ndara moja ikiwa imeshonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Katika picha ya pili miguu ilikuwa mbele ya mlango wa banda. Katika ya tatu haikuwapo.

Mjomba aliitazama kwa muda mrefu. Nilimwona akikitazama kile kiraka cha uzi.

"Ni usiku wa lini?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipoitambua ile tarehe. Kamera ilisema ni Januari. Kwa kufuata mpangilio wa nambari za picha ningeweza kukadiria kuwa ni usiku mmoja kati ya tatu, lakini usiku mmoja kati ya hizo tatu ndio mjomba aliomtuma mtu kuja kufunga mlango aliousahau. Picha ingeweza kuwa ya mwizi, na ingeweza kuwa ya aliyetenda wema.

Nilimweleza hivyo. Nilimweleza pia kuwa tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, picha ya mtu anayeweza kutambulika si kitu cha kuzungushwa kwenye simu za kijiji kizima. Sidhani kama alinisikiliza sehemu hiyo ya pili.

"Mpwa wangu," alisema hatimaye, "ifute."

Niliifuta. Hajanitajia jina la yeyote, nami sijamuuliza.

Je, kamera ya Sh7,500 inafaa? Kwa mkulima anayetaka kujua ni nani anayepita shambani mwake, inafaa, mradi aishushe chini, aitazamishe kaskazini au kusini, asiamini maandishi ya sanduku, na airekebishe saa kila anapobadilisha betri. Kwa anayetaka kuhesabu wanyama ili aseme wako wangapi, haifai kabisa. Kwa kila mnyama iliyemnasa hapana budi ilimkosa mwingine, na hesabu ya aina hiyo huhitaji kamera zinazofanana, zilizopangwa kwa utaratibu mmoja. Na yeyote anayenuia kuitega ndani ya msitu wenyewe badala ya shambani mwake aombe kwanza idhini ya mashirika ya misitu na ya wanyamapori, KFS na KWS.

Ningeongeza kuwa asitarajie fidia kwa ushahidi wa picha ya kanu. Sheria ya 2013 iliorodhesha wanyama ambao uharibifu wao kwa mifugo na mimea huweza kulipiwa, na kanu hayumo. Mjomba alilichukulia hilo kwa kicheko. Alikuwa amekwisha kuchimba msingi wa banda, akalaza mawe, akayashindilia kwa udongo na kuzungushia wavu wa chuma juu yake. Mlango ameufunga kwa ule waya wa breki za baiskeli, ukazungushwa mara nne na kukazwa kwa koleo. Tangu wakati huo hajapoteza kuku.

Kamera niliirudisha kijiani kwa siku tatu za mwisho, zaidi kwa udadisi kuliko kwa haja. Nilipoifungua kadi kulikuwa na picha 31. Kati yake ni tatu zilizopigwa mfululizo saa kumi na mbili na dakika 40 asubuhi, nami nilihakikisha kuwa saa hiyo ni sahihi. Katika ya kwanza ni majani makavu tu. Katika ya pili, kwenye ncha ya kushoto, mnyama mdogo mwenye miguu myembamba anatoka mbio ndani ya picha. Kichwa chake tayari hakionekani, na nusu yake ya nyuma ni ya manjano kama dhahabu. Katika ya tatu ni majani tena, mawili yakiwa bado hewani.